Siku Mjomba Alipomrudisha Besi

Besi wangu wa kwanza nilimvua nyuma ya ghala, wakati wa mapumziko ya chakula, nikiwa nimevaa kizibao cha kazini kinachong'aa kama taa ya barabarani. Huko Landover, jimboni Maryland, Marekani, nyuma ya ghala tunakopakia maboksi, kuna bwawa dogo lililochimbwa kupokea maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami. Maji yake yana rangi ya chai ya mkandaa, yamezungukwa na matete, na kuna bata wawili wanaojiona ndio wenye nyumba. Nilikuwa nakula hapo kwa sababu ndani kila mtu anaongea, nami kuongea kunanichosha kuliko maboksi. Siku moja nikaona kitu kimeruka kutoka majini, kikameza kereng'ende, kikazama. Mshindo wake ulikuwa kama mtu ametupa tofali. Chakula changu walikula bata.

Nilikwenda dukani kununua fimbo ya kuvulia na pakiti ya minyoo ya plastiki. Muuzaji aliniuliza nataka kuvua samaki gani. Sikujua jina, nikanyoosha kidole kwenye picha ya samaki wa kijani mwenye mdomo mpana iliyobandikwa ukutani, akaelewa. Huyo ndiye besi. Mimi nimekulia Shinyanga, mbali na ziwa, na samaki tuliwafahamu wakiwa wameshakauka. Sikujua kwamba samaki akiwa hai anaweza kuwa na hasira namna ile.

Mnyoo wenyewe ni laini kama ncha ya sikio, wa kijani chenye vidoa vyeusi, na kwenye pakiti wameandika kwamba hiyo ni rangi ya tikiti maji. Sijawahi kuona mnyoo wa rangi ya tikiti maji. Nadhani besi pia hajawahi, na ndiyo maana anataka kumwonja. Unamchomeka kwenye ndoano mpaka ncha ifichike ndani ya mwili wake, ili isinase kwenye majani. Unamrusha kando ya matete, unamwacha azame, halafu hufanyi kitu. Hapo ndipo niliposhikwa. Kumbe kuna kazi duniani ambayo ustadi wake ni kunyamaza!

Nilikaa nikinyamaza kwa ufundi wangu wote. Mara mshipi ukaanza kutembea upande, taratibu, kama mtu anayetoka kikaoni bila kuaga. Nikavuta. Fimbo ikapinda mpaka nikaogopa itavunjika, maji yakafunguka, na besi akatoka mzimamzima hewani akitikisa kichwa, mdomo wazi, kana kwamba anakataa mashtaka. Nilipomfikisha ukingoni nilimshika mdomo wa chini kwa kidole gumba, maana nilikuwa nimeona wanavyofanya kwenye video, naye akatulia kabisa. Tukatazamana. Kengele ya kazi ikalia. Sikuwa na ndoo wala mfuko, nikamrudisha. Mchana wote nilipakia maboksi nikicheka peke yangu, hata msimamizi akaniuliza kama najisikia vizuri.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kutazama maji. Basi ninalopanda kutoka Adelphi ninakoishi likipita juu ya daraja, mimi nimeshaegemea dirisha. Nimevua kwenye ziwa moja upande wa Fairfax, ambako besi hukaa chini ya miti iliyoangukia majini. Siku ya upepo, chambo cha kisahani cha bati kinachozunguka huwatoa huko ndani kama watoto waliosikia kengele ya aiskrimu. Nimevua chini ya madaraja ya mto Potomac. Bahari iko mbali na hapo, lakini mto hujaa na kupwa, na maji yakianza kupwa besi hujipanga nyuma ya mawe wakisubiri mkondo uwaletee vidagaa. Hapo natumia samaki wa plastiki mwenye mdomo uliopinda, anayezama na kugonga mawe kama mlevi anayetafuta mlango wake. Akigonga jiwe na kusita kidogo, shika fimbo kwa nguvu.

Lakini mahali pangu hasa ni kijito kimoja kinachoingia Potomac upande wa Maryland. Jina lake silitaji, na hata ukinikuta kituo cha basi na fimbo begani nitakuambia naenda kumtembelea shangazi. Mwezi wa tano mayungiyungi hutandaza majani yake juu ya maji, yakafunika ghuba nzima kama sahani zilizopangwa kwa ajili ya harusi, na chini ya sahani hizo wamekaa besi. Aliyenionyesha ni Mkongomani mmoja anayeendesha gari la kupeleka mizigo. Buti la gari lake limejaa vyambo bandia vya kila aina, vimening'inia kwenye waya kama hereni dukani. Mwingine ni mama wa Kikenya anayelea wazee usiku. Huja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake, anapindua ndoo, anaikalia, anavua kambare kwa maini ya kuku. Hawa wawili huongea. Mimi hukaa katikati yao na kusikiliza, na hakuna anayeniuliza nina nini. Mvuvi akinyamaza, watu hudhani ameona samaki.

Tatizo ni kwamba mama yangu, kule Shinyanga, hakuyajua haya. Yeye alikuwa na simu tu, na kwenye simu mimi ni hivi:

"Umekula?"

"Ndiyo, mama."

"Hauumwi?"

"Siumwi."

"Una watu huko?"

"Wapo."

"Watu gani?"

"Watu tu, mama."

Kisha tunasikilizana tukipumua. Shangazi yangu, ambaye naishi kwake Adelphi, naye alimwambia kwa nia njema kwamba siku za mapumziko mtoto hutoka alfajiri peke yake, hurudi amelowa mpaka magotini, hana kitu mkononi, na anatabasamu. Mama akaunganisha hayo yote, akapata jibu lililomnyima usingizi.

Ikawa mjomba anakuja kutoka Mwanza. Binti yake alikuwa anamaliza masomo kwenye chuo kikuu cha kule Fairfax, na mjomba alikuja kwenye sherehe. Mama akamwagiza kazi moja zaidi. Shangazi ndiye aliyenidokeza jikoni, akikata vitunguu bila kuniangalia: "Mama yako amesema, mjomba akukague. Akiona kweli una watu, basi. Akiona huna, anarudi na wewe."

Nampenda mama yangu. Lakini mayungiyungi ndiyo kwanza yalikuwa yamefunguka, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa na mahali ambapo nikichelewa watu huuliza niko wapi. Sikutaka kuondoka. Tena sikujua namna ya kumwonyesha mtu kwamba nina watu, ikiwa kazi yangu kwao ni kukaa kimya.

Mjomba alifika kwa shangazi Ijumaa, mnene, mchangamfu, amevaa suti ile ile ya sherehe ya bintiye kwa sababu alisema imemgharimu na lazima ichoke. Yeye ni mfanyabiashara wa samaki. Hununua sato na sangara mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na kuwapeleka mikoani, na akiingia chumbani unahisi soko limeingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba! Mbona unatamka vizuri tu? Mama yako kaniambia umekuwa bubu." Akakaa, akanikazia macho. "Haya. Alfajiri unakwenda wapi?"

"Kuvua."

Uso wake ukabadilika kama mtu aliyesikia lugha ya kwao ugenini. "Kuvua samaki?"

"Ndiyo."

"Wakubwa?"

Nikatanua mikono. Sikutia chumvi, labda kidogo.

"Na umekaa kimya siku zote hizi! Mimi wiki nzima nalishwa kuku wasio na mfupa! Kesho tunakwenda. Shangazi yake, kesho asubuhi tusongee ugali. Ndimu zipo? Pilipili? Sufuria nitabeba mwenyewe." Akanigeukia. "Sisi mwaloni, mtu akienda majini bila sufuria tunajua anakwenda kuoga. Saa nne nitampigia mama yako kutoka huko huko, kwao itakuwa jioni, nimpe jibu lake nikiwa nimeshiba."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mjomba, besi huwa namrudisha. Kwenye kijito kile karibu wote huwarudisha, na mwezi huu zaidi, kwa sababu majike wana mayai. Nilifungua mdomo. Shangazi alikuwa tayari anapima unga. Nikaufunga mdomo, nikaenda kumkatia mjomba leseni ya kuvulia ya siku chache kwenye simu yangu.

Asubuhi shangazi alitushusha kijitoni kwa gari lake, akarudi. Mjomba aliteremsha ugali uliofungwa kwa karatasi ya fedha na kuviringishwa taulo kama mtoto mchanga. Akateremsha sufuria, mafuta, chumvi, ndimu, jiko dogo la gesi, na kisu ambacho kingetosha ng'ombe. Mkongomani alisimama akaangalia mzigo ule, akaniangalia mimi.

"Jambo, papa! Karibu ku maji."

"Asante, ndugu yangu. Leo mtakula."

"Ee, sawa, papa," Mkongomani akasema, akanong'ona sikioni mwangu: "Mudogo wangu, hukumwambia?"

Nikatikisa kichwa.

Mama wa Kikenya, juu ya ndoo yake, alikuwa ameshaelewa kila kitu na ameanza kutikisika mabega. "Ati sufuria! Karibu, baba. Huyu kijana ni wetu, lakini hatukujua ana mjomba. Hasemi kitu, huyu. Leo nitajua mambo mengi."

Nilirusha mnyoo wangu pembeni mwa majani ili nisilazimike kuzungumza. Na kama ilivyo siku ambayo hutaki, mshipi ukaondoka palepale. Nikavuta. Besi mkubwa, mmoja wa wakubwa niliowahi kupata, akaruka, akapiga mkia, akaruka tena. Mjomba akarukaruka pamoja naye.

"Huyooo! Mlete! Mlete! Sufuria iko wapi? Mama, sogeza jiko!"

Nikamfikisha, nikamshika mdomo, nikamtoa ndoano, nikainama, nikamwachia. Mikono yangu haikuniuliza. Imezoea. Besi akasimama kidogo kwenye maji madogo, akapiga mkia mara moja, akatoweka.

Hata mafuta ndani ya chupa nadhani yalitulia.

"Kakuponyoka," mjomba akasema kwa upole, kama anavyofarijiwa mfiwa.

"Hapana, mjomba. Nimemrudisha."

"Umemrudisha wapi?"

"Majini."

"Kwa nani?"

Mama wa Kikenya alipiga kelele ya kicheko akashika ndoo asianguke. "Woi! Baba, hivyo ndivyo wanafanya huku na hawa besi. Wanashika, wanasalimia, wanaachilia. Mimi pia nilipokuja nilidhani watu ni wagonjwa."

"Hata wewe, dada, unarudisha?"

"Mimi? Kambare akitoka hapa anakwenda kwa sufuria, hana maswali. Lakini besi, zii. Si unaona hata ni mzuri?"

Mjomba hakucheka. Alikaa juu ya jiwe na suti yake, sufuria mapajani, akaniangalia kwa muda. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mpwa wangu, mama yako alidhani ni upweke. Kumbe ni zaidi. Mtu anaamka gizani, analowa, anahangaika, anapata kitoweo mkononi, halafu anakitupa na anatabasamu. Nitamwambia nini dada yangu? Saa nne hiyo inafika. Ujiandae tu, turudi wote nyumbani."

Nilitaka kumweleza kuhusu mayai, kuhusu kidole gumba, kuhusu kereng'ende wa nyuma ya ghala. Yote yalinijia kwa pamoja yakasongamana kama watu mlangoni. Nikasema, "Sawa, mjomba." Mama wa Kikenya akaacha kucheka.

Basi mjomba akasimama, akavua koti. "Leteni fimbo. Niwaonyeshe samaki anavyovuliwa na watu wenye akili." Akafungua taulo, akamega tonge la ugali, akalifinyangia kwenye ndoano.

"Bukari!" Mkongomani akashika kichwa. "Papa anawapa besi bukari!"

"Sato wangu wanaupenda."

"Papa, ile samaki haikulake bukari. Ile ni mukali. Inatakaka kitu inakimbia."

Mjomba akatupa tonge lake. Vikaja visamaki vidogo kama vifuniko vya chupa, vikaudonoa ugali, vikaumaliza. Akatupa la pili. Vikaita ndugu zao. Tonge la tatu, la nne. Ugali wa shangazi ukaanza kupungua upande mmoja na hakuna binadamu aliyekuwa ameonja.

Mkongomani hakuvumilia. Alikwenda kwenye buti la gari, akarudi na chura wa mpira. Ni chura kamili, wa kijani, tumbo la manjano, na miguu yake ya nyuma ni nyuzi nyuzi kama ndevu. Ndoano mbili zimelala mgongoni mwake zimembana, kwa hiyo anateleza juu ya majani bila kunasa. Besi akimuuma, mpira unabonyea na ndoano zinatokeza.

"Mwanasesere," mjomba akasema.

"Jaribu tu, papa. Mudogo, muonyeshe."

Nikashika mikono ya mjomba kutoka nyuma, maana kwa mikono naweza. Tukarusha pamoja. Chura akatua katikati ya mayungiyungi, pap. Nikamtingisha mjomba kifundo cha mkono: chura akaruka jani, akasimama. Akaruka jani lingine, akasimama kwenye kijitundu cha maji. Nikamwachia mjomba aendelee mwenyewe. Akachezesha, akasimamisha. Niliona ulimi wake umetoka pembeni mwa mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika.

Majani yakalipuka.

Sina neno lingine. Ghuba ilikuwa kimya, na ghafla pakawa na shimo mahali pa chura, maji juu, majani yamepinduka, na sauti kama mlango wa chuma umebamizwa. Mjomba akapiga yowe na kuvuta kwa nguvu za mtu anayeng'oa muhogo. Alivuta mapema mno. Chura akachomoka mdomoni mwa besi, akapaa juu ya vichwa vyetu, akazunguka, na kutua ndani ya sufuria. Klang! Kitu cha kwanza kuingia kwenye sufuria ile siku ile kilikuwa chura.

Mama wa Kikenya alikuwa ameanguka kutoka kwenye ndoo. Mjomba alisimama macho yamemtoka, na taratibu uso wake ukafunguka ukawa uso wa mtu mwingine, mdogo sana.

"Mmemwona?" akauliza. "Mmemwona alivyokuja? Mimi nimeuza samaki maisha yangu yote. Sijawahi kugombana na hata mmoja!" Akamtoa chura kwenye sufuria, akampangusa kwa shati lake. "Nimekosea wapi? Sema, wewe. Nimekosea wapi?"

Alikuwa ananiuliza mimi.

"Umevuta mapema, mjomba. Ukimwona anaruka, unangoja. Unangoja mpaka uzito ufike mkononi."

"Nangoja."

"Ni vigumu."

"Nitangoja!"

Akarusha. Chura akaangukia mtini. Akarusha tena, nusura ampige Mkongomani. Mara ya tatu akamtua vizuri, na hapo hapo simu yake ikaanza kuita kwenye mfuko wa koti lililokuwa juu ya jiwe. Mama hakuweza kusubiri saa nne.

"Pokeeni, nipo kazini!" mjomba akafoka bila kugeuka.

Mama wa Kikenya akaichukua. Ilikuwa ya picha. "Halo, mama! Hujambo? Mimi? Mimi ni rafiki ya kijana wako. Ndiyo, wako hapa wote. Ngoja nikuelekeze uone." Akaunyoosha mkono na simu ikatazama maji.

Chura akaruka jani. Akasimama. Nikaona majani yaliyo nyuma yake yanatetemeka, moja, halafu la karibu zaidi, halafu la karibu zaidi. Yakalipuka.

"NGOJA!" nikapiga kelele. "Mjomba, ngoja! Bado! Usivute! Bado, bado, nimesema bado! SASA!"

Bata waliokuwa ng'ambo ya pili ya kijito waliruka. Sikujua kwamba sauti hiyo ilikuwa ndani yangu. Ilitoka kama ilikuwa inasubiri nauli. Mjomba akavuta, na fimbo ikabaki imepinda. Amenasa!

Kutoka kwenye simu nikamsikia mama: "Nani huyo anayemfokea mdogo wangu?"

"Ni kijana wako," mama wa Kikenya akamjibu.

"Wangu mimi? Wangu hana sauti hiyo."

"Basi anayo tangu leo."

Besi alikuwa amejichimbia kwenye mashina ya mayungiyungi. Nikaingia majini mpaka mapajani, Mkongomani nyuma yangu na viatu vyake vya kazini, huku nikipiga amri kama nahodha. "Inua fimbo! Juu! Usimlegezee! Zungusha, mjomba, zungusha!" Nikafukua majani kwa mikono, nikamwona, mpana, wa kijani, ana jicho kama kifungo. Nikamsukumia ukingoni. Mjomba akatupa fimbo, akamkumbatia kwa mikono miwili, kifuani, kwenye shati jeupe la sherehe.

"Mshike mdomo, mjomba! Kwa kidole gumba!"

"Nimeshika samaki kabla hujazaliwa!" Akageukia simu, anahema, ametapakaa magugu, anang'aa kuliko siku ya sherehe ya bintiye. "Dada! Dada, unaona? Mimi mwenyewe! Kwa chura wa mpira! Mtazame mdomo, mtazame na tumbo, huyu ana mayai, tutam..."

Besi akamzaba mkia usoni, pa, akateleza kati ya mikono kama sabuni, akagonga jiwe kwa ubavu, akaingia majini.

Mjomba alibaki mikono imekumbatia hewa. Tone la maji lilining'inia kwenye ncha ya pua yake. Akaitazama simu. Akatutazama sisi. Akajinyoosha taratibu, akafuta uso, akakohoa.

"Nimemrudisha," akasema. "Ana mayai, dada. Huku sisi huwa tunawarudisha."

Nilicheka mpaka nikaketi majini. Mkongomani aliegemea mti akipiga gome kwa kiganja. Mama wa Kikenya alikuwa analia, na simu mkononi mwake ilikuwa inaonyesha mama yangu, kwa zamu, mbingu, mti, mimi, mbingu.

"Umemrudisha au amekuponyoka?" mama akauliza. Alimlea mjomba, anamjua.

"Muulize mwanao!"

Simu ikanijia nikiwa bado nimeketi majini. Mama alikuwa uani kwake, jua la jioni linampiga upande. Juu ya simu nilimwona mjomba. Alikuwa ananitazama kama mtuhumiwa anavyomtazama shahidi wake wa mwisho.

"Ni kweli kamrudisha?"

"Kamrudisha, mama. Taratibu kabisa. Kwa mikono miwili."

Mama alinitazama bila kupepesa. Nilidhani picha imeganda.

"Unacheka," akasema.

"Ndiyo."

"Mbona umekaa kwenye maji?"

Na badala ya kusema "hamna kitu, mama," nikaanza kumweleza. Nikamwambia chura ana ndevu badala ya miguu. Nikamwambia visamaki vimekula ugali wa shangazi. Nikamwambia huyu mama aliyeshika simu hulea wazee usiku na asubuhi huvua kambare, na huyu kaka ana duka zima kwenye buti la gari lakini hatuuzii, anatugawia bure. Nikamwambia kuna bwawa nyuma ya kazini. Niliongea mpaka maji yakanipiga baridi na bado sikuwa nimefika kwenye mnyoo wa rangi ya tikiti. Mama alikuwa anasema "ee," na "ee," na mara moja, "wewe!"

Mjomba akanipokonya simu. "Dada, huyu mtoto hajambo. Watu anao, wengine hata wanacheka kupita kiasi. Tena ana amri huyu, kanifokea mbele za wageni. Mwache hapa."

Mama wa Kikenya alikuwa ameshatoa kambare wake chini ya majani mabichi, anawakata vipande kwa kile kisu cha ng'ombe, na mafuta yameanza kulia kwenye jiko. Mkongomani alikuwa anaupima ugali uliobaki kwa macho. Mimi nilitoka majini nikichuruzika, nikasogea karibu na jiko.

"Haya, abaki," nikamsikia mama anasema. "Lakini wewe mdogo wangu utarudi? Una watoto huku. Na ndege yako ni Jumanne. Unanisikia?"

Mjomba hakumsikia. Alikuwa ameniwekea simu mkononi na kurudi kwenye maji na chura wake, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, anachagua jani.